Kasha la Baba Lapata Kazi Mpya

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hao hao wakatuambia tena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi, msomaji mpenzi, kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa baina ya methali hizo mbili, hii ikinivuta huku na ile ikinivuta kule, na kisa chenyewe ni sanduku la kompyuta.

Kompyuta yangu ni ile ya kuwekwa mezani, si ile ya kukunjwa kama kitabu. Wako waiitao tarakilishi na wako waiitao ngamizi. Leo mimi nitaiita kompyuta, jina alijualo kila mtu, ili tusije tukagombana kabla hatujaanza. Nyumba yangu iko Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache kutoka majini, na jirani wa bahari hana budi kulipa kodi ya chumvi. Bawaba za madirisha hula kutu, sufuria hula kutu, na sanduku la bati la kompyuta likala kutu vile vile. Siku moja nilipolifungua kupangusa vumbi, niliona magamba mekundu ya kutu yamedondoka juu ya viungo vya ndani. Magamba hayo huweza kubeba chembe za chuma. Ikitua chembe moja baina ya nyaya mbili, umeme huweza kupata njia isiyokuwa yake, na hapo kazi ya miaka huweza kwenda kwa mkupuo mmoja.

Nikaipeleka mashine kwa fundi wa dukani. Akaitazama, akanitazama na mimi, kisha akasema, "Mzee, itupe hii. Nunua nyingine." Nikamwuliza kama viungo vya ndani vimeharibika. La, akasema, vya ndani vizima. Basi nikajiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani: ikiwa nyumba imevunjika na wenyeji ni wazima, je, wenyeji nao hutupwa?

Wala hao wenyeji hawakuwa watu wa kutupwa. Ndani ya mashine ile zimo picha za mashairi ya marehemu babangu, Mungu amrehemu. Baba aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi, katika madaftari ya shule, na madaftari yote akiyafungia katika kasha lake la msaji. Hatukuthubutu kuligusa akiwa hai, na alipofariki tukaendelea kutoligusa kwa heshima. Kasha likakaa nyumbani kwa dada yangu miaka mingi, limefungwa, limefunikwa kitambaa, linapanguswa kila Ijumaa. Tulipolifungua mwishowe tulikuta mchwa wamepanda kutoka chini. Ubao wa chini umekwisha, na madaftari mawili ya chini yamekuwa unga. Yaliyosalia mpwa wangu aliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa akayatia katika kompyuta, nami hadi leo ninayaandika upya kwa hati za Kirumi, beti baada ya beti.

Mpwa wangu huyo ndiye aliyeleta wazo. "Mjomba," aliniuliza, "kwani nyumba ya kompyuta lazima iwe ya bati?"

Nilidhani anafanya mzaha, kumbe kijana amesoma. Alinieleza kwamba mwaka 1976 huko California, Marekani, Steve Wozniak na Steve Jobs walipoanza kuuza kompyuta yao ya kwanza, Apple-1, waliuza ubao wa umeme mtupu. Sanduku halikuwamo, wala kibodi, wala kioo cha kutazamia. Bei ilikuwa dola 666 na senti 66, na zilizotengenezwa zilikuwa kiasi cha 200. Mnunuzi alikwenda nazo kwake akajitafutia la kufanya, na baadhi yao wakachukua misumeno wakatengeneza masanduku ya mbao. Moja ya kompyuta hizo, ndani ya sanduku lake la mbao lenye jina lililochongwa, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Hata kile kijidude cha kusukuma mezani kiitwacho puku au mausi, cha kwanza kabisa kilichoundwa mwaka 1964 kwa fikira za Douglas Engelbart na mikono ya Bill English, mwili wake ulikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake.

Basi mbao si mgeni katika jambo hili. Fauka ya hayo, kazi yenyewe si ya kubahatisha. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, na watengenezaji wengi wakakifuata. Ule ubao mkubwa wa umeme unaobeba viungo vyote, ambao mafundi huuita mazabodi, katika kipimo hicho una urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244, na matundu yake ya skrubu yako mahali palipojulikana. Kile kigawa umeme, kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza nguvu, kina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Mwenye rula, guni na subira anaweza kuvijengea nyumba vitu hivyo hata kama hajui siri zilizomo ndani yake. Seremala ajengaye kitanda hahitaji kujua ndoto za mwenye kulala.

Ilibaki kupata mbao. Hapo ndipo niliposema neno nililopaswa kulitafuna kwanza. Nilisema tutumie kasha la baba.

Dada yangu alikuwa akichagua mchele. Aliuweka ungo chini. "Nduyangu," alisema, "kasha la baba halikatwi. Lau baba angalikuwa hai, ungalishika msumeno mbele yake?"

Nilinyamaza, kwa kuwa dada ndiye mkubwa, na mkubwa hajibiwi papo kwa papo. Tena alikuwa na haki. Watu wa pwani tunajua kasha ni nini. Bibi arusi aliingia nalo nyumbani kwa mumewe, nahodha alisafiri nalo, na mengine yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi yakiwa yamepambwa misumari ya shaba, kisha mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja nao wakayatengeneza yao. Leo mengi yameuzwa kwa watalii, yakawa meza za kuwekea vikombe vya kahawa katika nyumba ambazo hakuna ajuaye yalikuwa ya nani. La baba lilikuwa dogo na la kawaida, urefu sentimita 55, upana 42, kimo 40, lenye safu moja tu ya misumari ya shaba. Lakini lilikuwa la baba.

Kesho yake nilimleta seremala mmoja wa mtaani kwetu, mzee aliyepita miaka sabini, aliyekula chumvi nyingi na vumbi la mbao zaidi. Hakusema kitu. Aliligeuza kasha, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Chini, mlio ulikuwa mfu. Kwenye mbavu na kifuniko ukalia kama ngoma.

"Chini kumekufa," alisema. "Juu ku hai. Mkiliacha hivi mtakuwa mnatunza maiti, na mchwa watarudi kuchukua salio lao."

Dada alifikiri tangu adhuhuri hadi alasiri. Kisha akatoa masharti matatu. Kifuniko kisikatwe hata unywele. Misumari ya shaba isitupwe. Na mashairi ya baba yawe ndiyo kitu cha kwanza kuingia humo. Tukakubali, tukasema bismillahi.

Yule mzee aliona jambo ambalo sisi hatukuliona. Hakulivunja kasha. Alikata kwa msumeno sehemu ya chini iliyooza, sentimita 15 kuzunguka pande zote nne, kisha akalilaza kwa ubavu. Kifuniko kikawa mlango wa pembeni, bawaba zake zile zile za zamani zikiwa chini, mlango ukashuka kama ngazi ya chombo. Mahali palipokuwa na ubao wa chini akatia ubao mpya wa mvule, na huo ndio uliobeba mazabodi. Tundu la ufunguo, ambalo sasa lilikuwa juu, likawa mahali pa kitufe cha kuwashia.

Mimi nilikuwa msaidizi. Nilishika mbao, nilipiga msasa hadi vidole vikawa laini kama vya mtoto, na nilikatazwa kushika randa. Lakini nilijifunza. Nilitaka ule ubao wa mvule ugandishwe kwa gundi pande zote ili uwe imara, mzee akatikisa kichwa. Mbao, alisema, haifi ikikatwa. Huendelea kuvuta pumzi. Masika yakija na kusi hunywa unyevu ikatanuka kwa upana wake, na kaskazi ikivuma hukauka ikanywea. Ukiibana kwa gundi pande zote itapasuka kwa hasira. Akauchongea mfereji kwa patasi, akauingiza humo ukiwa na nafasi ya kuchezea, ukashikwa bila ya kufungwa.

Kazi ya umeme ilikuwa ya mpwa wangu. Sanduku la bati lina faida moja ambayo mbao haina: bati huungana na ule waya wa tatu unaoteremka ardhini, na umeme ukitoroka hupitia huko badala ya kupitia mkononi mwako. Mbao haipitishi umeme. Kwa hivyo alitandika bati jembamba la alumini juu ya ubao wa mvule, akaliunga na mwili wa chuma wa kigawa umeme, ambao nao umeungwa na waya wa ardhini, kisha akasimamisha mazabodi juu ya vijiguu tisa vya shaba. Nawasihi wenye kutaka kujaribu: kile kigawa umeme kisifunguliwe. Ndani yake kuna sehemu zinazobaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Hicho kiingizwe kizima kama kilivyo.

Na nusura misumari ya dada ituharibie. Ncha zake zilikuwa zimetokeza kwa ndani, na moja ilielekea mgongo wa mazabodi kama mkuki. Shaba hupitisha umeme vizuri mno. Kijana aliiona kwa kurunzi usiku. Tukazikata ncha zote, tukazisugua, vichwa vikabaki nje viking'aa, na sharti la dada likawa limetimia.

Siku ya kuwasha tulikuwa sote. Kasha limepakwa mafuta ya kitani, limetulia juu ya meza kama mzee aliyetoka kuoga. (Kuna jirani aliyetushauri tupake sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo majahazini. Tulimshukuru, tukakumbuka harufu yake, tukaacha.) Mpwa wangu akabonyeza kitufe katika tundu la ufunguo. Taa ikawaka. Picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari la baba ikatokea, na dada akajifuta macho kwa pindo la leso.

Dakika ishirini baadaye kioo kikawa cheusi.

Tulingoja, tukaiwasha tena. Ikazima tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Mara ya tatu kijana aliwahi kusoma kipimo cha joto cha prosesa, yaani ule ubongo wa mashine: nyuzi 97 za Selisiasi. Prosesa nyingi hufika kikomo chake karibu na nyuzi 100. Hapo hujipunguza mwendo, na zisipopata nafuu hujizima zenyewe zisiungue. Mashine yetu haikuwa imeharibika. Ilikuwa inakosa pumzi.

Kosa lilikuwa langu. Sikutaka uso wa kasha utobolewe. Nilikuwa nimeruhusu vitundu kumi na viwili tu, vidogo vya kupita kalamu, kwa kuuonea haya mkono wa fundi wa kwanza aliyelitengeneza. Bati, hata lisipokuwa na matundu, hupitisha joto kidogo kwenye ngozi yake; mbao hushinda chuma mara mia na zaidi kwa kulizuia. Ndiyo maana mwiko wa mbao hauchomi mkono na kijiko cha chuma huchoma. Mimi nilikuwa nimeitia kompyuta katika chungu nikafunika.

Dada yangu, ambaye hajui prosesa wala hataki kuijua, ndiye aliyesema lililobaki masikioni mwangu. "Mmelifunga tena," alisema. "Kama tulivyolifunga sisi. Tulidhani tunamtunzia baba, kumbe tunawafugia mchwa."

Usiku ule sikulala upesi. Nilifikiria nyumba zetu za zamani za mawe, zile za Lamu na hizi za Mji wa Kale. Kuta zake ni nene na milango yake ni mizito, lakini hazikujengwa kuwa jela. Zina kiwanda cha wazi katikati kinachopeleka joto juu mbinguni, zina madirisha yanayotazama upepo, na za hapa kwetu zina vibao vilivyopangwa kwa kulazwa ili hewa ipite na jicho la mpita njia lisipite. Mababu walijua kuwa hewa ya moto hupanda, na kwamba haitapanda mpaka hewa baridi ipate mlango wa kuingilia. Elimu yote niliyoihitaji ilikuwa katika ukuta nilioegemea.

Asubuhi nilimwambia mzee atoboe. Katika uso wa mbele, chini, alikata mahali pa feni mbili za milimita 120 za kuvuta hewa, akapafunika kwa vijiti vya mvule vilivyopishanishwa kama dirisha la ghorofani. Nyuma, juu, akakata mahali pa feni ya tatu ya kutoa. Hewa ikawa inaingia chini mbele na kutokea juu nyuma, ikiwapitia wenyeji wote njiani. Dada akaleta kipande cha chandarua kikuukuu cha kuzuia vumbi, nacho huoshwa kila mwezi. Tukawasha tena. Saa nzima ilipita, chumba kikiwa na joto la nyuzi 31, na prosesa haikuzidi nyuzi 61.

Wako wanaoniuliza kama mbao haitashika moto. Mbao hutaka joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo ianze kuwaka, na prosesa hujizima mapema kabla ya kufika hapo. Hatari iko katika waya uliochubuka na vumbi lililojazana, na hiyo ni hatari ya sanduku la bati pia. Fungua, pangusa, tazama nyaya. Ukitoka nyumbani, zima ukutani. Wako pia wanaouliza kama nimeokoa fedha. La hasha. Ukihesabu siku za fundi, bati jipya lingekuwa rahisi. Lakini bati jipya lingeliwa na chumvi kama lile la kwanza, na nisingeuona ndani wa mashine niliyoitumia miaka yote kama mtu anayekaa na mgeni asiyemjua jina.

Nilipokuwa mdogo chuoni tuliandika aya za Mwenyezi Mungu juu ya ubao wa mbao kwa wino wa masizi. Ukihifadhi, unaosha ubao, unaandika nyingine. Hakuna aliyelia kwa kuoshwa kwa ubao, maana maneno yalikuwa yameshahamia kifuani. Ubao uliowekwa pembeni bila ya kuandikwa ndio uliokuwa wa kuhuzunisha. Baba alilijua hilo kuliko mimi, naye ndiye aliyenifundisha. Sisi wanawe tukalisahau pale pale alipotuachia kasha.

Sasa picha za madaftari ziko katika kasha, nakala ya pili iko kwa mpwa wangu, na ya tatu iko kwa dada katika kijidude kidogo alichokifunga kwenye ncha ya leso yake. Madaftari yenyewe yako katika kabati lililo wazi, mbali na sakafu, na kila Alhamisi baada ya isha mmoja wetu hulichukua moja akalisoma kwa sauti. Hayo madaftari mawili yaliyoliwa hayatarudi. Dada anakumbuka beti chache za moja yake, nami nimeziandika kama alivyozisema, nikaacha nafasi tupu pale alipokwama.

Nami nikamjibu baba kwa ubeti mmoja, nikautia mwisho wa mashairi yake:

Kasha la baba ni lile, ila kazi yageuka,
Lililoficha ya kale, na leo bado lashika,
Sawa na ubao ule, chuoni tuloandika,
Wino huja wino hwenda, ubao ukabakia.

Dada aliusikiliza, akasema si mbaya, ila baba asingeliachia kina cha mwisho kiende zake namna ile. Kisha akanikumbusha kuosha chandarua.